Kikapu cha Ghorofani

Waulize watu wa Ndia Kuu, Mombasa, ni nani aliyekuwa fundi hodari wa redio na televisheni miaka ile ya tisini, nao watakujibu bila kufikiri: Sheikhan. Watakusimulia alivyoifufua redio ya bibi mmoja iliyotumbukia kisimani, na alivyoirudisha televisheni siku ya fainali watu wakiwa wameshakata tamaa. Wako watakaokuapia kwamba alikuwa akiusikia ugonjwa wa chombo kwa sikio tu, kabla hajakifungua. Wote wanasema walichokiona, na wote wamekosea. Sheikhan hajapata kutengeneza hata tochi. Fundi alikuwa dada yake, Mejumaa, na imetosha sasa kulinyamazia jambo hili.

Duka lilikuwa chini, mlango ukitazama barabara, na nyumba yao ilikuwa juu yake. Nyuma ya duka palikuwa na kiwanda, ule uwanja mdogo wa ndani wa nyumba za kale, na juu ya kiwanda kulikuwa na dirisha. Kutoka dirishani ilishuka kamba, na mwisho wa kamba kikapu cha ukindu. Mteja akileta redio, Sheikhan huipokea kwa maneno matamu, akaitikisa kidogo karibu na sikio, akasema ugonjwa huo anaujua. Kisha huandika karatasi ndogo, akapita nyuma ya pazia, akaitia redio kikapuni pamoja na karatasi yake, na kuivuta kamba mara mbili. Juu Mejumaa huinuka, akapandisha. Televisheni, kwa kuwa kikapu hakikuziweza, zilipandishwa kwa ngazi mchana watu wakiwa wamelala.

Mpango huo aliuanza baba yao, marehemu Mzee Mselem, macho yalipoanza kumfifia. Sheikhan wakati huo alikuwa hashikiki, kutwa yuko uwanjani Makadara na mpira wake. Aliyekaa na baba ni Mejumaa, amshikilie kioo cha kukuzia, kisha amshikilie waya, kisha amshikilie chuma cha kulehemu, mpaka siku moja baba akawa ndiye anayeshikilia kioo na binti ndiye anayelehemu. Mzee hakumwonea aibu. Aliwaogopa wateja. Alimwambia kuwa mtu akijua redio yake imefunguliwa na msichana, ataanza kuisikia ikikoroma hata kama haikoromi. Mejumaa alicheka, maana alikuwa na miaka kumi na sita na alidhani ni mpango wa muda.

Mpango wa muda ulichukua miaka kumi na tisa. Katikati yake aliolewa Kibokoni, akakaa miaka miwili, akaachwa, akarudi. Baba akafa. Sheikhan akaketi mahali pa baba, akavaa na miwani ambayo hakuihitaji. Kikapu kikaendelea kupanda na kushuka.

Mambo mawili Mejumaa aliyarithi kwa baba na hakuyaacha. La kwanza, kila kifaa kibovu kilichotolewa kilifungwa katika kipande cha gazeti na kurudishwa kwa mwenyewe, ili ajue hakuibiwa wala hakudanganywa. Kwa jambo hilo Sheikhan alisifiwa uaminifu mji mzima. La pili, hakuzitupa zile karatasi ndogo. Alizihifadhi katika bati la biskuti, na lilipojaa akaanzisha la pili. "Haishiki stesheni." "Yatoa moshi." "Picha yaruka." Nyuma ya kila karatasi aliandika kwa penseli alichokikuta na alichokifanya. Hakuna mwingine duniani aliyejua kazi yake ila mabati hayo, na mabati hayasemi.

Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, Sheikhan alizikataa kwa mwezi mmoja tu, kwa sababu kukataa kulimuuma. Mwaka 1995 ofisi moja ilileta kompyuta iliyokufa, ikasema ikipona sawa na isipopona basi. Mejumaa alikaa nayo miezi kumi na mmoja. Aliifungua na kuifunga hata vidole vikaijua gizani, akasoma kitabu cha Kiingereza neno kwa neno, kamusi ubavuni. Siku ilipowaka alimwita mama yake jikoni aje aone, na mama akauliza kama hiyo nayo ina idhaa ya asubuhi. Chini, Sheikhan aliongeza neno moja kwenye kibao cha mlangoni. Kikawa kinasema: SHEIKHAN, FUNDI WA REDIO, TELEVISHENI NA KOMPYUTA.

Sasa tufike mwaka 1999, kwa Bwana Ogutu.

Ogutu alikuwa msimamizi wa ofisi moja ya kutolea mizigo bandarini, mtu wa bara aliyekaa Mombasa miaka mingi hata salamu zake zikawa ndefu kama za wenyeji. Ofisi yake ilikuwa na kompyuta kumi na mbili zilizoharibika kwa zamu. Alikuwa amechoka kuzibeba kwa mkokoteni hadi Ndia Kuu na kuzirudisha. Alitaka fundi wa kuja ofisini mara mbili kwa wiki, aketi pale pale, afanye kazi mbele ya watu. Sheikhan alitabasamu, akakubali, kisha akapanda juu jasho likimtoka.

Ndipo Mejumaa aliposema kitu alichokuwa amekiweka moyoni miaka yote hiyo. Alimwambia ndugu yake kuwa ataenda yeye. Ofisi ile ina wanawake, wako makarani, yuko mpokea wageni, hakuna aibu yoyote. Aseme tu ukweli kwamba dada yake ndiye anayezijua kompyuta. Redio na abaki nazo yeye, na sifa zake zote za nyuma abaki nazo, hazihitaji. Anachotaka ni hicho kimoja: kutoka kwa mlango wa mbele na mfuko wake wa vyombo, na huko aendako aitwe fundi kwa jina lake.

Sheikhan alifikiri siku tatu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchelewesha Mejumaa kumjua. Siku ya nne alikubali. Alisema ataongea na Ogutu vizuri, ila kuna kijikazi kimoja cha Ogutu mwenyewe kitangulie, ili bwana huyo awe ameshafurahi kabla ya kuambiwa habari ya dada. Mejumaa alishona mfuko wa turubai wenye vijumba vya bisibisi na koleo. Alipomaliza aliuvaa begani, akatembea nao chumbani kutoka ukutani hadi ukutani, mama yake akimtazama.

Kijikazi chenyewe kilipanda kikapuni Jumatano asubuhi. Ilikuwa laptopu ya miaka mitatu minne, nyeusi, nzito, iliyochakaa pembeni. Ogutu aliinunua kwa baharia, na kila adhuhuri baada ya kula alikuwa akiichezea mchezo wa kurusha ndege. Sasa ulikuwa umetoka mchezo mpya wa ndege hizo hizo, wenye mawingu na kivuli, na laptopu ile haikuuweza. Picha ziliganda kama uji uliopoa. Mtu akamwambia aongeze nguvu ya picha. Akaagiza kadi mpya ya picha, ikamjia katika mfuko wake wa rangi ya fedha, na vyote viwili vikaingia kikapuni pamoja na karatasi: "Toa kadi ya zamani, tia hii. Jumamosi."

Mejumaa aliitazama kadi kabla ya kuifungua laptopu, na moyo ulimshuka hapo hapo. Kadi ilikuwa na upana wa kiganja na nusu, ina meno ya dhahabu ya kukalia kwenye mfereji, na mfereji huo upo ndani ya zile kompyuta kubwa za mezani, haupo kwenye laptopu. Hata hivyo alifungua. Alitoa skrubu moja moja, akaziweka katika visahani vya kahawa kwa mpangilio, akainua baobonye, lile bao la herufi, akafika kwenye bodi. Alichokiogopa ndicho alichokikuta. Hapakuwa na kadi ya zamani ya kutolewa. Palikuwa na chipu moja ya mraba, miguu yake zaidi ya mia mbili, myembamba kama nywele, yote imelehemiwa kwenye bodi ile ile inayobeba kila kitu kingine. Aliyeiunda laptopu ile aliamua siku ya kwanza kwamba itakufa na picha ilizozaliwa nazo.

Aliandika nyuma ya karatasi kwa uangalifu, maana alijua kuna mtu wa kusoma. Aliandika kwamba kazi hiyo haifanyiki, na hakuna fundi atakayeifanya, hapa wala kwingine. Kadi ni nzuri lakini ni ya kompyuta kubwa; aitie katika mojawapo ya zile za ofisini, ni kazi ya dakika tano, acheze huko. Laptopu atafungiwa kama ilivyokuja. Akaiteremsha karatasi peke yake kikapuni, akavuta kamba mara mbili.

Sheikhan alipanda ngazi mbili mbili. Alikuwa ameshampa Ogutu neno, tena barazani mbele ya watu. Alikuwa amesema hiyo ni kazi ndogo. Akamkumbusha dada yake redio za Kichina walizozitia spika kubwa kwa nje, waya zikipita ubavuni, na ile kaseti ya gari waliyoifunga betri nje ya sanduku. Duka lao lilijulikana kwa hilo: kitu kisichoenea ndani kitaning'inia nje na kitafanya kazi. Kwa nini kadi nayo isining'inie?

Mejumaa alimweleza kuwa spika ina waya mbili na hii ina zaidi ya mia mbili, na hata hizo zingefungwa zote, bodi haiijui kadi hiyo wala kadi haiijui bodi. Alimweleza polepole, kama baba alivyokuwa akimweleza yeye. Kisha akamwomba jambo.

"Niache nishuke mimi nimwambie. Nimwoneshe hiyo chipu kwa macho yake. Atafahamu, si mtu mjinga."

Sheikhan alilitazama dirisha.

"Siku ya kwanza akuone wewe, dada," alisema, "na habari yenyewe uliyomletea ni hapana?"

Hilo neno lilimfika, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Mejumaa angejibu laiti angejua yatakayofuata, lakini alidhani ziko siku mbili za kumbembeleza ndugu yake, na ndugu yake alikuwa akibembelezeka.

Alhamisi palikuwa na hitima mtaani Kuze, ya kumsomea marehemu shangazi wa mama yao. Mejumaa na mama yake walitoka baada ya adhuhuri. Aliiacha laptopu mezani vile vile, wazi, skrubu katika visahani, bodi juu ya kitambaa safi, na kadi ndani ya mfuko wake. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyepata kugusa meza ile, na hakumpitia mawazoni kuwa iko siku itaguswa.

Waliporudi alasiri, harufu iliwapokea kwenye ngazi. Fundi huijua harufu ya bodi iliyoungua kama mama anavyoijua homa ya mwanawe. Mejumaa alizipanda ngazi na buibui lake mkononi. Sheikhan alikuwa ameketi kwenye kiti cha kazi cha Mejumaa, na chuma alichokuwa nacho hakikuwa kile chembamba cha dada yake. Kilikuwa chuma cha baba cha kuzibia masufuria na madebe, chenye ncha pana kama kidole gumba. Alikuwa amekiona kikubwa akadhani ndicho chenye nguvu. Chipu ya picha ilikuwa imeshatoka, imebanduliwa kwa bisibisi, na nyuzi za shaba za bodi zimetoka nayo. Waya nne nyekundu, za spika, zilikuwa zimelehemiwa kutoka bodini hadi kwenye meno ya dhahabu ya ile kadi. Nne.

Alipomwona dada yake alisema alitaka kumpunguzia kazi.

Mejumaa alimwondoa kwenye kiti, akaketi. Kuanzia saa ile hadi adhuhuri ya Jumamosi hakufanya kingine. Aliziondoa zile waya nne, akaisafisha bodi kwa spiriti, akakuta nyuzi thelathini na moja zimeng'oka. Alizirudisha moja moja kwa unywele wa shaba aliouvuta kutoka ndani ya waya wa simu, chini ya kioo cha baba, akizuia pumzi. Aliipanga miguu ya chipu iliyopinda kwa ncha ya sindano. Mama alimletea chakula kikapoa, akakirudisha. Shingo ilimkakamaa hata akawa hawezi kugeuka kuitazama saa. Alijua vizuri anachokipigania, na hakikuwa laptopu. Ikirudi tu kama ilivyokuja, Ogutu ataambiwa haikuwezekana, atakasirika kidogo, na mlango wa ofisi hautafungwa.

Saa sita ya Jumamosi aliitia umeme. Kioo kiliwaka. Mistari ya kijani ilipita kutoka juu hadi chini, nyuma yake likaonekana jina la mtengenezaji, hafifu, na Mejumaa akasema "Bismillahi" kwa sauti. Kisha mistari ikawa minene, kioo kikazimika, na hakikuwaka tena. Chipu yenyewe ilikuwa imeungua kwa ndani siku ile ile ya Alhamisi. Alikuwa amekesha na maiti.

Mejumaa aliitoa bodi na ile chipu akabaki nazo, na laptopu ikafungwa ikashuka tupu. Ogutu alikuja saa saba, kabla ya mlo wake, ili akajaribu mchezo. Barazani walikuwako wale wa kila siku, akiwemo Mung'aro, karani wa ghala, mteja wa tangu enzi za Mzee Mselem. Mejumaa alikuwa amesimama nyuma ya pazia, mahali asipopata kusimama, kwa sababu alitaka kusikia ndugu yake atakavyoisema ile "haiwezekani" waliyokubaliana aiseme.

Sheikhan alianza vizuri. Alisema laptopu za namna hiyo zina matatizo. Ogutu akauliza matatizo gani. Akasema kadi haikuafikiana nayo. Ogutu akaifungua laptopu, akabonyeza, akabonyeza tena, akauliza kwa utulivu mbona sasa haiwaki kabisa, na alipoileta Jumatano alikuwa ametoka kuichezea. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mwaka mzima amemsifu Sheikhan ofisini, na Jumatatu alikuwa aje na barua ya kazi kutoka kwa wakubwa. Sheikhan aliivua miwani, akaifuta, na wakati akiifuta ikamjia njia.

"Bwana Ogutu, mimi sitokuficha," alisema. "Mkono huu si wangu. Kompyuta hushika dada yangu, yuko huko juu. Nalimwachia yeye, na nalikosa."

Miaka kumi na tisa Mejumaa alikuwa akingoja kutajwa mbele ya mlango ule. Alikuwa ameshajiwazia mara ngapi maneno yatakavyokuwa, nani atakuwepo, yeye mwenyewe atavaa nini. Basi ndiyo hayo, ametajwa.

Mung'aro aliuliza polepole, kama mtu anayepapasa mfuko wake, "Na ile televisheni yangu ya juzijuzi? Nayo aliifungua yeye?"

"La," alisema Sheikhan. "Ile naliitengeneza mimi."

Hapo Mejumaa alitoka. Aliliondoa pazia, akapita dukani, akatokea mbele ya watu akiwa na bodi na kioo cha baba mkono mmoja na kipande cha gazeti mkono wa pili. Alitoa salamu, wakaitikia bila kumtazama usoni, kwa adabu. Akaiweka bodi juu ya meza mbele ya Ogutu, akaweka na kile kioo. Alimwambia hizi hapa, hizi nukta ndogo zinazong'aa, ndizo risasi ya kulehemia aliyoitia yeye. Kila nukta ina upana ule ule. Na hii hapa pembeni, hili bonge la kijivu, na hii alama nyeusi ya moto, hiyo si yake. Chuma chake hakina ncha ya upana huu. Karatasi yake ya Jumatano ilisema kazi haifanyiki, nayo ipo. Hakumtaja ndugu yake kwa jina. Hakuhitaji, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale juu ya bodi, wazi kama kibao cha mlangoni.

Ogutu aliinama, akatazama kupitia kioo kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki, alijaribu kwa kweli.

"Mama, niwie radhi," alisema. "Mimi naona risasi tu. Hii risasi na hii risasi."

Akasema kwamba wao ni ndugu, duka ni moja, na ubishi wa nyumbani wautatue nyumbani. Akafungasha laptopu yake, bodi na kadi yake. Mejumaa alimpa kile kipande cha gazeti chenye chipu, kama alivyowapa wateja wote vifaa vyao vibovu miaka yote. Ogutu alikipokea, hakujua ni cha nini, akakitia mfukoni mwa koti. Barua ya kazi haikuja Jumatatu, wala Jumatatu nyingine yoyote.

Sheikhan hakupanda kwa dada yake siku ile wala siku ya pili yake. Aliyemjia na maneno ni mama yao, na aliyasema kwa upole, akimsugua bintiye shingo kwa mafuta ya nazi.

"Msamehe nduguyo. Mwanamume likivunjika jina lake ndiyo basi tena, dukani hatokaa. Wewe jina lako hakuna alijuaye, litavunjika vipi?"

Mejumaa aliuliza kama mama aliliona jina hilo jana, wakati Sheikhan alipomtaja mbele ya watu, kama lilikuwa zima au la. Mama aliendelea kumsugua shingo. Yeye pia alikuwa mjane anayekula kwa duka lile, na alikuwa amechagua zamani.

Habari zilienea mtaani kwa namna zake. Kwa siku mbili hizo watu walikuja dukani kumpa Sheikhan pole. Walimwambia ana moyo mwema mno, ndiyo maana dada yake alimponza. Wengine walimshauri asimruhusu mwanamke kucheza na vyombo vya watu. Sheikhan alizipokea pole hizo kwa unyenyekevu, na Mejumaa alizisikia zote kupitia kiwanda, kwa sababu dirisha lile lilikuwa halijawahi kufungwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi kamba ilivutwa mara mbili.

Mejumaa alikuwa ameketi mezani, mfuko wake mpya wa turubai ukiwa umening'inia msumarini. Mwili ulijibu kabla ya akili; aliinuka, akapandisha. Ndani ya kikapu palikuwa na redio kubwa ya mbao, ya Mung'aro. Aliitambua. Aliwahi kuifungua mara tatu, na mkwaruzo wa pale nyuma ulikuwa wa bisibisi yake mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na saba. Juu ya redio palikuwa na karatasi, mwandiko wa Sheikhan ule ule, mzuri, wa kulalia kulia.

"Haishiki stesheni. Mwenyewe amesema usiiguse wewe. Ataijia Alhamisi."

Aliisoma mara mbili. Aliutazama mwandiko kama kuna mahali kalamu ilisita, hapakuwa. Sheikhan hakuwa amemtukana. Aliandika tu alichoambiwa na mteja, kama alivyoandika siku zote, kisha akaitia redio mahali pale pale redio zinapotiwa.

Mejumaa alifungua bati la biskuti, akaiweka karatasi juu ya nyingine zote, akalifunga. Nyuma yake hakuandika kitu. Akaichukua redio kwa mikono miwili, akairudisha kikapuni haijatolewa hata skrubu moja, akaiteremsha taratibu isigonge ukuta, na kamba akaivuta mara mbili.

Kisha kamba ikavutwa mara mbili kutoka chini. Baada ya kitambo ikavutwa tena, kwa nguvu zaidi, hata kijiti cha dirisha kikalia. Mejumaa alikwenda jikoni, akavuta kigoda, akaanza kumsaidia mama yake kuchambua mchele.